Canon 40D au 80D: miaka minane na nusu kati ya kamera mbili, zikipimwa Mbeya

Kijana aliyeniletea swali hili ametoka Tukuyu. Kwa miaka miwili amekuwa akipiga picha za pasipoti, za mahafali na za kipaimara kwa kamera ya kuazima huku akidunduliza, na sasa anataka ya kwake. Ameonyeshwa mbili, zote za mtumba na zote Canon: EOS 40D, na EOS 80D ambayo muuzaji anaiuza karibu mara nne ya bei ya ile ya kwanza. Alipofika studio kwangu Mwanjelwa hakuzunguka. "Shikamoo kaka. Hivi hiyo hela ya juu inaonekana kwenye picha, au tunalipia jina tu?"

Nilimwambia kuna mahali inaonekana sana na kuna mahali haionekani kabisa. Jibu la namna hiyo halimsaidii mtu aliyeshika hela ya jasho lake, kwa hiyo nikamwomba arudi Jumamosi. 40D ninayo tangu nilipoanza kazi hii, na 80D ndiyo inayonilisha siku hizi. Tulizunguka nazo kutwa nzima kwa lenzi moja ya milimita 50, tukiichomoa kwenye bodi hii na kuipachika kwenye ile, kila picha mara mbili. Ninayoandika hapa ni yale tuliyoyaona siku hiyo, pamoja na mambo ambayo miaka ya kazi ilishanifundisha kwa gharama.

Kwanza zinavyofanana, maana watu hudhani ni vitu viwili tofauti kabisa. 40D ilitangazwa Agosti 2007 na 80D Februari 2016. Katikati yake zilipita 50D, 60D na 70D. Ni ukoo mmoja. Ndani ya kila moja kuna kioo kilichoinama nyuzi 45. Mwanga ukiingia kwenye lenzi hupiga kioo hicho, hupanda juu kwenye mche wa kioo, kisha humfikia mpigaji kupitia dirisha la kuchungulia. Ukibonyeza, kioo hunyanyuka, shata (pazia dogo la ndani) hufunguka, na mwanga hupita moja kwa moja hadi kwenye kihisi kilichoko nyuma, kile kipande kinachopokea picha. Ule mlio wa "klak" tuliouzoea ni kioo na shata vikifanya kazi yake. Kasi ya juu ya shata ni ileile kwa zote, sehemu ya 8000 ya sekunde. Uzito pia haupishani kwa kitu cha kuumiza shingo: 40D ina gramu 740 bila betri, 80D ina 730 betri ikiwa ndani. La maana zaidi, mdomo wa lenzi ni uleule. Lenzi za EF, ambazo Canon ilianza kuzitengeneza mwaka 1987, zinakaa kwenye zote mbili, na zile za EF-S pia. Lenzi unayoinunua leo kwa ajili ya 40D haipotei siku utakapobadilisha bodi.

Megapikseli

Asubuhi tulisimama pembeni ya barabara, Loleza mbele yetu, jua likiwa limeshaupata mlima ubavuni. ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kuitikia mwanga), tundu la lenzi f/8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), picha moja kwa kila kamera. Kisha tukaenda kuzichapa kwa inchi 8 kwa 12, ukubwa ambao wateja wengi huweka ukutani.

Picha ya 40D ina pikseli, yaani nukta za picha, 3888 kwa 2592, jumla kama milioni 10. Ya 80D ina 6000 kwa 4000, milioni 24. Anayesikia 24 na 10 atafikiri moja ni bora mara mbili na zaidi. Lakini mashine ya kuchapa ikitumia nukta 300 kwa inchi, pikseli 3888 zinatoa karibu inchi 13, na 2592 zinatoa inchi 8 na nusu na kidogo. Maana yake 40D inajaza inchi 8 kwa 12 bila kunyooshwa hata kidogo. Pikseli za ziada za 80D katika ukubwa huo hazina pa kukaa. Nikaziweka picha mbili kwenye meza bila kuandika kitu nyuma, nikamwita mama mwenye duka la vitenge jirani yangu achague. Akachagua ya 40D, kwa sababu wingu lilikuwa limesogea mahali alipopapenda. Kijana naye alizikagua kwa muda mrefu, akaziinamia, kisha akakiri kwamba hawezi kuzitenganisha. Na picha hiyo ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa tena, ikabaki sehemu ndogo hata ya zile milioni 10.

Pikseli nyingi zina faida pale unapokata. Kwenye mahafali mzazi anataka uso wa mwanawe aliyesimama jukwaani, na wewe umezuiwa nyuma ya viti vya wageni. Ukikata picha ibaki nusu ya upana na nusu ya urefu, 80D inakuachia milioni 6, na 40D inakuachia milioni 2.5. Milioni 6 zinachapika vizuri hadi inchi 6 kwa 9, huku 2.5 zikianza kulegea mapema. Kwa anayepiga ndege au wanyama kule Ruaha, hoja hii ina uzito mkubwa kuliko kwangu mimi.

Gharama yake huja kimyakimya. Faili moja ya RAW, ile picha ghafi isiyobanwa na kamera kuwa JPEG, ya 40D ina kama MB 12, ya 80D inakaribia 29. Kompyuta ya kijana wangu ni ya zamani, na harusi ya picha 800 za 80D ingeilaza. Halafu pikseli ndogo hufichua kila kitu: mkono uliotetemeka, na lenzi dhaifu. Ile lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera, ikiwa ya toleo la zamani, kwenye 40D inaonekana ya kawaida tu; kwenye 80D pembe za picha zinaonekana zimelegea.

Ndoo za mvua

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na ndipo watu wengi hupotoshwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kijana wangu ni mtu wa Tukuyu, kwa hiyo nikamweleza kwa mvua. Chukua uwanja mmoja, uupange ndoo. Mwanga ni mvua, kila pikseli ni ndoo, na kihisi ni uwanja wenyewe. Kihisi cha 40D kina milimita 22.2 kwa 14.8, cha 80D kina 22.5 kwa 15. Uwanja ni uleule. Tofauti ni kwamba wa kwanza umepangwa ndoo milioni 10 zenye mdomo wa maikroni 5.7, na wa pili ndoo milioni 24 zenye mdomo wa maikroni 3.7 hivi. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

Mvua ikinyesha kwa nguvu, ndoo zote zinapata maji ya kutosha na tofauti kati ya ndoo na jirani yake haionekani. Ikiwa ni manyunyu tu, ndoo moja itapata matone tisa, ya pembeni yake kumi na nne, ingawa zote zimekaa chini ya wingu moja. Kutolingana huko ndiko kunakoonekana kwenye picha kama chenga, zile punje punje unazoziona kwenye picha ya usiku. Kwa hiyo chanzo cha kwanza cha chenga ni uchache wa mwanga wenyewe. Hakuna kamera, ya zamani wala mpya, inayoweza kuhesabu matone ambayo hayakuanguka.

Chanzo cha pili ni mtu wa kupima maji. Baada ya ndoo kujaa, kamera lazima isome kila ndoo ina kiasi gani na kukigeuza kuwa namba. Katika 40D kazi hiyo inafanyika nje ya kihisi: umeme dhaifu wa kila pikseli husafiri hadi kwenye chipu nyingine, na njiani huokota kelele. Ni kama kupima maji baada ya kubeba ndoo kwenye njia yenye mashimo. Katika 80D upimaji umehamishiwa kwenye kihisi chenyewe, palepale ndoo ilipo. Canon ilifanya badiliko hilo kwenye kamera zake za mwaka 2016, na kwangu mimi ndilo linalofanya 80D istahili kuitwa mpya kuliko jambo lingine lolote lililoandikwa kwenye boksi.

Kuna na la tatu, dogo: nafasi kati ya ndoo. Kuanzia 50D, vilenzi vidogo vinavyofunika pikseli vilisogezwa hadi vikagusana, kwa hiyo matone yanayoanguka chini na kupotea yamepungua.

Sasa lile neno la vijiweni, kwamba megapikseli nyingi zinaleta chenga. Ukikuza picha kwenye kompyuta hadi uone pikseli moja moja, ndiyo, ndoo ndogo inaonekana chafu. Lakini hakuna mteja anayetundika pikseli moja ukutani. Picha mbili zikichapwa kwa ukubwa mmoja, ndoo ndogo mbili na nusu zinachanganya maji yao na kuwa sawa na ile kubwa moja. Uwanja ni uleule, maji ni yaleyale, na aliye na mpimaji bora ndiye anayeshinda.

Faida ya mpimaji huyo haionekani sana usiku kama watu wanavyotarajia. Inaonekana mchana, kwenye kivuli.

Miaka kadhaa nyuma nilipiga harusi Rungwe, saa saba mchana, nje ya kanisa. Jua la milimani halina huruma. Bibi harusi ana shela nyeupe, bwana harusi suti nyeusi, na ngozi zetu ziko katikati. Nikaogopa shela isiungue. Shela ikiungua, ile lesi yote inageuka karatasi nyeupe na hakuna programu ya kuirudisha. Nikapunguza mwanga kwa ajili yake. Nyuma ya maharusi alisimama bibi mzaa mama wa bwana harusi chini ya mwavuli mweusi, akicheka. Uso wake ukaingia gizani. Nilijisemea nitauinua kwenye kompyuta. Bibi alifariki mwaka uliofuata, familia ikaja kuomba picha ile ikuzwe, kwa kuwa hawakuwa na nyingine anayocheka. Nilipouinua uso wake zikatoka chenga za rangi, nyekundu na kijani, kama mtu aliyenyunyiziwa unga wa rangi mashavuni. Niliwapa ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe. Waliishukuru, lakini mimi najua ilivyokuwa.

Tofauti ya 40D na 80D kwenye ISO 100, katika jambo hilo la kubeba cheupe na cheusi kwa pamoja, ni karibu stopu mbili. Stopu moja ni mwanga mara mbili, kwa hiyo mbili ni mara nne. Jumamosi ile nilimsimamisha kijana chini ya mwembe, nyuma yake ukuta mweupe unaopigwa na jua, nikapima mwanga wa ukuta. Uso wake kwenye kamera zote mbili ulitoka karibu mweusi. Kwenye kompyuta, uso wa 80D uliinuka ukabaki ngozi, na hata vinyweleo vya ndevu changa vilihesabika. Wa 40D uliinuka na chenga zake. Kwa sisi ambao wateja wetu ni weusi na sherehe zao zimejaa nguo nyeupe, hili si jambo la wapenda vipimo tu.

Hata hivyo 40D ina njia yake, na ningeijua mapema yule bibi angepata picha yake. Pima mwanga wa uso, usipime wa nguo. Wasogeze watu wote kivulini, wasiwe nusu juani. Au washa flashi mchana kweupe, ijaze nyuso tu. Kihisi cha zamani kinataka mpigaji amalize kazi kabla ya kubonyeza.

Kuhusu ukungu wetu, wala usidhani kamera mpya itakusaidia. 40D inapima mwanga kwa kuigawa picha sehemu 35, 80D ina kipimo cha pikseli 7560 kinachotambua na rangi, lakini zote zikielekezwa kwenye ukungu mweupe huuona mwanga ni mwingi mno na kuupunguza. Ukungu unatoka kijivu kama moshi wa jikoni. Ongeza stopu moja kwa mkono wako. Hiyo haijabadilika tangu enzi za filamu.

Ukumbini, saa tatu usiku

Jioni tuliingia kwenye send-off ya jamaa yangu. 40D inakwenda ISO 1600, na 3200 kwa kuiamsha kwenye menyu. 80D inafika 16000, na 25600 kwa kuiamsha. Namba hizo za juu ni za dharura. Mimi kwenye 40D natembea kwa raha hadi 800, na 1600 nikibanwa. Kwenye 80D natumia 3200 bila wasiwasi, na 6400 kwa picha za simu. Kwa jicho langu hiyo ni stopu moja na nusu hadi mbili, wala si yote inayotokana na usomaji wa kihisi. Sehemu yake ni kwa sababu pikseli nyingi huvumilia kusafishwa chenga.

Kilichowatenganisha kweli ukumbini ni fokasi. Kamera hizi hufokasi kwa kulinganisha mwanga unaopita upande mmoja wa lenzi na unaopita upande wa pili, kama macho yetu mawili yanavyokadiria umbali. Taswira mbili zikikutana, kitu kimekaa sawa. Zisipokutana, kamera inajua mara moja izungushe lenzi kwenda wapi. 40D ina vituo tisa vya kufanyia hivyo, 80D ina 45. Lakini zaidi ya hesabu ya vituo ni uwezo wa kuona gizani: kituo cha katikati cha 80D kinafanya kazi kwenye mwanga ambao ni mdogo mara tano hadi sita kuliko ule ambapo 40D inaanza kukwama. MC alipozima taa keki ikaingia na mishumaa, 40D mkononi mwa kijana ilianza kwenda mbele na kurudi nyuma, zii, zii, bila kupata pa kushika. Mimi nilikuwa nimeshapiga nne.

Nilimfundisha ujanja wa kukaa nao: tumia kituo cha katikati tu, kilenge mahali palipo na mstari mkali, kama ukosi wa shati au kingo za pete, shikilia fokasi, kisha rudisha picha ulivyotaka. Inafanya kazi. Inataka sekunde moja zaidi, na kwenye sherehe sekunde moja wakati mwingine ndiyo picha yenyewe.

Jambo jingine ambalo wachache hulisema ni taa. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za mirija na LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Shata ikienda haraka inaona: picha moja inatoka nyangavu, inayofuata ina giza na rangi ya njano, na mpigaji anadhani kamera ni mbovu. 80D ina mpangilio wa kusubiri taa ifike kileleni ndipo shata ifunguke. 40D haina, dawa yake ni kushusha kasi ya shata hadi sehemu ya 100 ya sekunde au chini ya hapo, ili kila picha ipate mpepeso mzima.

Hesabu ya lenzi, iliyomkalisha chini

Chukua 80D yenye lenzi ya 18-55. Ukizumu hadi 55, tundu lake kubwa ni f/5.6. Chukua 40D yenye lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo ni kati ya zile za bei ya chini katika lenzi za EF. Gawanya 5.6 kwa 1.8, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: unapata 9.7. Lenzi ile ndogo inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Pale ambapo 80D inalazimika kwenda ISO 6400, 40D inapiga kwa ISO 640 hivi.

Tulijaribu ukumbini, dada wa bibi harusi akiwa ameketi. Picha ya kamera ya 2007 ilikuwa safi kuliko ya 2016, na wala haikuhitaji macho ya fundi kuiona tofauti hiyo.

Kuna masharti. Kwenye f/1.8 eneo lililokaa sawa ni jembamba mno. Jicho la karibu litakaa, sikio halitakaa, na watu watatu waliopangwa mbele na nyuma hawatakaa wote. Kwa kundi utarudi f/5.6 na kuhitaji flashi ya juu, iliyogeuzwa ipige dari. Na hapo angalia dari kwanza. Kumbi nyingi hapa hupambwa kwa vitambaa vya zambarau au dhahabu, na flashi ikigonga kitambaa inawarudishia watu rangi hiyohiyo usoni. Vilevile kama lenzi na bodi havielewani na fokasi inaangukia nyuma kidogo ya jicho kila mara, 80D inakuruhusu kuirekebisha kwenye menyu. 40D hairuhusu, itabidi iende kwa fundi.

Video, kadi na betri

40D haipigi video. Kabisa.  80D inapiga ya 1080 hadi fremu 60 kwa sekunde, ina tundu la maikrofoni na la kusikilizia, na skrini yake inageuka na kuguswa. Halafu kila pikseli yake imegawanywa nusu mbili, kwa hiyo ile kazi ya macho mawili inafanyika kwenye kihisi chenyewe. Ukigusa uso kwenye skrini, fokasi inamfuata mtu anapotembea. Teknolojia hiyo ilianza na 70D mwaka 2013. 40D nayo inaweza kuonyesha picha kwenye skrini kabla ya kupiga, lakini fokasi yake hapo ni ya kuvumilia tu. Kama wateja wako wanataka vipande vya video vya kurusha Instagram, na mjini Mbeya sasa karibu wote wanataka, mjadala unaishia hapa: nunua 80D au subiri.

40D inatumia kadi za CompactFlash, zile pana. Madukani zimekuwa adimu, na kompyuta yako haina tundu lake, kwa hiyo weka hesabu ya kadi mbili na kisomaji chake kabla hujasema umepata kamera rahisi. Betri yake, BP-511, bado inapatikana ya kampuni nyingine, na kongwe hazitunzi chaji. 80D inatumia SD ambayo ipo hata kwenye kibanda cha simu, inatuma picha kwenye simu kwa Wi-Fi, na betri moja hutoa picha kama 960. Kule Kitulo, ambako uwanda uko mita 2,600 na asubuhi za Juni vidole vinakufa ganzi, betri yoyote hupungua nguvu. Ya akiba mimi huiweka mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Kabla ya kulipa, fanya mambo haya. Washa tochi ya simu uangaze ndani ya tundu la kadi la 40D: kuna sindano 50 mle, na moja ikiwa imepinda kadi itakataa au itakula picha. Piga anga kwa f/16, kuza, tafuta madoa. Vumbi la kawaida hupulizwa likatoka, mkwaruzo hautoki. Uliza shata imepiga mara ngapi. Zote mbili zimekadiriwa mara 100,000, na kwa 40D namba hiyo husomwa kwa waya wa USB na programu ya kompyuta, kwa hiyo muuzaji akisema "haijatumika sana" bila kuonyesha, hajasema kitu. Lenzi iangaze kwa tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu wa aina ya pili, kuvu, na lenzi nyingi zilizokaa Kyela kwenye joto na unyevu zinao. Usiiweke begi moja na lenzi zako.

Aliniuliza pia kama kununua kamera ya kioo si kununua kitu kinachokufa. Canon ilianza mfumo wa EOS R, usio na kioo, mwaka 2018, na nguvu zake zote zimehamia huko. Ni kweli. Ndiyo maana hata bei za hizi za zamani zimeshuka hadi mtu wa kudunduliza akazifikia. Lenzi za EF zinakaa kwenye EOS R kwa kutumia kiungio, kwa hiyo tena jibu ni lilelile: weka hela kwenye lenzi.

Ushauri wangu kwake ulitokana na kazi yake. Pasipoti, mahafali, kipaimara: mchana, watu wamesimama, hakuna video. Nikamwambia achukue 40D, lenzi ya 50, flashi na betri mbili, na chenji iliyobaki aiweke kando. Harusi ya usiku ikimjia kabla hajawa tayari, aje aazime 80D yangu. Alirudi kwa muuzaji na tochi.

Wiki mbili baadaye alinitumia picha: mama mchuma chai shambani Katumba, saa moja asubuhi, kapu mgongoni, nyuma yake hakuna kitu ila ukungu. Aliandika chini, akianza na asante sana ya Kinyakyusa, "Ndaga fijo kaka. Niliongeza stopu moja." Ukungu ulikuwa mweupe, na uso wa mama ulionekana wote.